Akianguka Mwenzetu, Tunamrudishaje?



Leo tuongee jambo ambalo kila kwaya, kila jumuiya na kila kikundi cha vijana kimelipitia, ila mara nyingi tunalijadili pembeni, kwa sauti ya chini, au kwenye grupu la WhatsApp. Mwenzetu akianguka dhambini, na watu wakajua, tufanye nini?

Tangu nianze malezi ya seminari, kila ninapokuwa likizo au kwenye kazi za kichungaji parokiani, swali hili linanikuta. Linakuja kwa sura tofauti. "Frateri, dada wa sauti ya kwanza amepata mimba, kamati imemtoa kwaya, hiyo ni sawa?" "Frateri, mhazini wetu amekula hela ya hija, tumtangaze?" "Frateri, mimi niliungama mwaka juzi, mbona mpaka leo wananiangalia hivi?"

Hilo swali la tatu ndilo zito kuliko yote, kwa sababu linaonesha tunapokwama. Kumtoa mtu tunajua. Kikao kimoja tu, barua inaandikwa, jina linafutwa. Kumrudisha ndiyo kazi inayotushinda. Na leo ningependa tushike jambo moja tu: katika Kanisa, kuonyana kupo, na hata adhabu zipo, lakini vyote vimewekwa ili mtu arudi. Onyo lisilo na njia ya kurudi bado halijawa onyo la Kikristo.

1. NGAZI ALIYOTUACHIA YESU

Fungua Injili ya Mathayo sura ya 18, mstari wa 15 hadi wa 17. Yesu anatupa ngazi tatu. Ndugu yako akikosa, kwanza mwendee mkiwa wawili tu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili zaidi. Asiposikia hata hao, ndipo liambie Kanisa. Akikataa kulisikiliza Kanisa, basi awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru.

Sasa angalia sisi tunavyofanya. Sisi tunaanzia juu. Kwanza grupu zima linajua, halafu viongozi wanajua, halafu mama yake anasikia sokoni, na mwisho kabisa mhusika mwenyewe ndiye anaambiwa. Tumeipindua ngazi ya Yesu miguu juu.

Angalia pia sehemu hiyo imekaa wapi. Kabla yake kuna mfano wa kondoo mmoja aliyepotea na mchungaji anayewaacha tisini na tisa kumtafuta (Mt 18:12-14). Baada yake Petro anauliza asamehe mara ngapi, kisha unafuata mfano wa mtumishi aliyesamehewa deni kubwa akakataa kusamehe deni dogo (Mt 18:21-35). Kwa hiyo ngazi ya kuonyana imewekwa katikati ya kutafuta na kusamehe. Ukiichomoa hapo ukaitumia peke yake, inageuka kuwa mahakama.

Na yale maneno ya mwisho kuhusu mtoza ushuru? Wengi wanayasoma kama ruhusa ya kumfukuza mtu moja kwa moja. Lakini kumbuka anayetuandikia ni nani: ni Injili ya Mathayo, na Mathayo mwenyewe ndiye aliyeitwa akiwa ameketi forodhani (Mt 9:9). Yesu alikwenda akala naye mezani. Ni kweli mtu aliyekataa kabisa kusikia hawezi kujifanya yuko sawa na Kanisa. Ila hata huyo anabaki mtu wa kuinjilishwa upya, wa kusubiriwa.

2. KWANZA ULIZA: DHAMBI HII IMEMUUMIZA NANI?

Hapa naomba nitumie falsafa na teolojia kidogo, usichoke. Mt. Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, Sehemu ya Pili ya Pili, swali la 33, anajadili kuonyana kindugu. Anasema kuonyana ni tendo la upendo, ni kama sadaka ya kiroho kwa maskini. Halafu anauliza: je, ni lazima kila mara kuanza kwa siri? Jibu lake linatusaidia sana, kwa sababu halichanganyi mambo. Analigawa hivi:

a) Dhambi ya siri inayomdhuru mtenda dhambi mwenyewe. Hapa ngazi ya Yesu inashika hasa. Nenda kwake wewe na yeye. Jina lake jema lilindwe. Mfano: umegundua rafiki yako amerudia ulevi au anatazama picha chafu. Hakuna sababu ya mtu wa tatu kujua kabla hujaongea naye.

b) Dhambi ya wazi, inayojulikana na wote. Hapa hakuna siri ya kulinda tena, na wengine wanaweza kudhani jambo hilo ni halali. Kwa hiyo panaweza kuhitajika onyo la wazi, kama Mt. Paulo anavyomwagiza Timotheo (1Tim 5:20). Lakini onyo la wazi linatolewa na mwenye mamlaka, kwa kiasi, siyo na kila mwenye simu.

c) Dhambi ya siri inayowaumiza wengine. Hapa Mt. Thoma yuko wazi: mara nyingi unatakiwa kutoa taarifa mapema ili madhara yazuiwe, siyo kukaa unaonyana taratibu huku mwingine anaumia.

Hili la tatu nataka ulishike vizuri, kwa sababu kuna watu wanaitumia Mathayo 18 kufunika uovu. Mtu mzima anayemsumbua kimapenzi mtoto wa Utoto Mtakatifu, au kiongozi anayetumia cheo chake kuwashika mabinti, huyo haanziwi na kikao cha siri cha wawili. Toa taarifa kwa paroko. Kama anayehusika ni mhudumu wa Kanisa, jimbo lina wajibu wa kupokea taarifa hiyo. Papa Fransisko aliliwekea jambo hili sheria mwaka 2019 katika hati yake Vos estis lux mundi, na mwaka 2023 akaithibitisha kuwa ya kudumu. Toa taarifa pia polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Aliyeumizwa ndiye wa kwanza kulindwa. Kumwambia mtoto "msamehe, tusiliaibishe Kanisa" siyo huruma, ni kumuumiza mara ya pili.

Mhazini aliyekula hela ya hija naye anaingia katika kundi hili, japo kwa uzito tofauti. Kuna watu wameumia: wale waliochangia elfu mbili mbili wakitegemea kusafiri. Anaweza kuungama na kusamehewa, lakini Katekisimu (KKK 1459 na 2412) inatufundisha kwamba msamaha wa sakramenti hauondoi wajibu wa kurudisha. Hela irudi. Si lazima atangazwe jukwaani. Ila lazima vitabu vikaguliwe, ratiba ya kulipa iandikwe, na kwa muda huo asishike fedha za kikundi. Akimaliza kulipa, deni limeisha. Asiitwe mwizi tena.

3. NANI ANA MAMLAKA GANI?

Jamani, hapa tunachanganya sana. Kamati ya kwaya siyo mahakama ya Kanisa.

Kwaya ina katiba yake, na inaweza kumpumzisha mtu uongozi au huduma kwa sababu ya maana. Sawa. Lakini kamati haina mamlaka ya kumzuia mbatizwa asipokee sakramenti. Sheria ya Kanisa, kanoni 912, inasema mbatizwa yeyote asiyezuiwa na sheria anaweza na anapaswa kupewa Komunyo Takatifu. Ni kweli ipo pia kanoni 915, inayohusu wale wanaoendelea kwa ukaidi katika dhambi kubwa iliyo wazi. Lakini ona maneno yenyewe: kuendelea, ukaidi, kubwa, wazi. Aliyetubu hayumo humo.

Ipo pia kanoni 220 ambayo vijana wengi hawajawahi kuisikia: hakuna anayeruhusiwa kuliharibu isivyo halali jina jema la mtu. Hiyo ni haki ya kila mtu, hata aliyekosa. Katekisimu (KKK 2477) inataja makosa matatu dhidi ya haki hiyo: kumhukumu mtu bila msingi wa kutosha, kumsingizia, na kutangaza makosa yake ya kweli kwa wasiohusika bila sababu halali. Hilo la mwisho ndo linatunasa wengi. Tunajitetea, "lakini ni kweli!" Ndiyo, ni kweli, na bado inaweza kuwa dhambi kuisambaza. Skrinishoti ya kweli iliyotumwa kwa mtu asiyehusika bado ni usengenyaji.

Hata askofu mwenyewe, anapofikiria kutoa adhabu ya kikanisa, kanoni 1341 inamwekea malengo matatu: haki irudishwe, mkosaji atengenezwe, kwazo lirekebishwe. Kumwaibisha mtu halimo. Basi na sisi kwenye vikao vyetu vidogo tujiulize maswali hayo hayo matatu kabla ya kuandika barua ya kumsimamisha mtu.

4. YULE DADA WA KWAYA

Turudi kwa swali la kwanza nililotaja. Binti mwanakwaya amepata mimba nje ya ndoa. Hebu tutulie tufikiri.

Kwanza, mimba siyo dhambi. Mimba ni mtoto. Tendo la ndoa nje ya ndoa ndiyo dhambi, na tendo hilo lilikuwa na watu wawili. Mara ngapi tumemtoa binti, na kijana aliyempa mimba bado anapiga kinanda Jumapili? Hapo hatujalinda utakatifu wa kwaya. Tumeadhibu tumbo linaloonekana.

Pili, hujui alichopitia. Inawezekana alilazimishwa. Kabla hujasema "amekosa", muulize kwanza yuko salama.

Tatu, kama alikosa na ameungama kwa majuto, amesamehewa. Mimba itaonekana miezi tisa, lakini dhambi iliyoungamwa haipo tena. Kama haishi na mwanaume kinyumba bila ndoa, na ameungama, hakuna sababu ya kumzuia mezani pa Bwana kwa kuwa tu tumbo linaonekana. Na mtoto akizaliwa, mama akaomba abatizwe, akiwepo wa kumlea katika imani Katoliki (kanoni 868), mtoto huyo habebi kosa la mtu.

Nne, fikiria mabinti wengine wanaotazama. Binti aliyeona mwenzake akitangazwa na kutengwa, siku yakimkuta yeye hatakuja kwa padre wala kwa mama mlezi wa kwaya. Ataangalia mlango mwingine, na mlango huo unaweza kugharimu uhai wa mtoto, na wake pia. Namna tunavyompokea mmoja ni mahubiri kwa wote.

Je, apumzike kuimba kwa muda? Linaweza kuzungumzwa naye kwa heshima, na paroko au mlezi akiwepo. Lakini kama ni hivyo, na kijana naye apumzike. Na tarehe ya kurudi isemwe siku hiyo hiyo.

5. BARUA YA PILI YA PAULO

Wote tunaijua 1 Wakorintho sura ya 5. Mtu anaishi na mke wa baba yake, na Paulo anaagiza atengwe. Maneno makali. Wengi wanaishia hapo.

Endelea hadi 2 Wakorintho 2:5-11. Paulo anazungumzia mtu aliyeadhibiwa na wengi, anasema adhabu hiyo yatosha. Sasa mmsamehe, mmfariji, mmhakikishie upendo wenu, asije akamezwa na huzuni kupita kiasi. Na anaongeza kwamba tusipofanya hivyo Shetani anapata nafasi. Mababa wengi wa zamani walidhani ni mtu yule yule wa barua ya kwanza. Wataalamu wengi wa siku hizi wanaona ni mwingine. Kwa somo letu haibadilishi kitu. Paulo yule yule aliyejua kusema "mtoeni" alijua pia kusema "inatosha".

Nani kati yetu ana kazi ya kusema "inatosha"? Kwenye vikao vingi hakuna. Barua ya kusimamisha ina mhuri na sahihi. Ya kurudisha haijawahi kuandikwa. Matokeo yake mtu aliyesimamishwa miezi mitatu anakaa miaka mitatu, siku moja unasikia anasali kwingine, tunashangaa.

6. KANISA LILISHAPITIA HAYA: KARTHAGO, MWAKA 251

Mwaka 250, Kaisari Decius aliamuru raia watoe sadaka kwa miungu ya Roma na kupewa cheti cha kuthibitisha. Mchanga wa Misri umehifadhi baadhi ya vyeti hivyo mpaka leo. Wakristo wengi walisimama imara, wengine wakafa. Lakini wengi sana walianguka. Wengine walitoa sadaka kweli, wengine walinunua cheti tu bila kutoa sadaka.

Dhuluma ilipopoa, walioanguka wakataka kurudi. Kanisa la Karthago, katika Tunisia ya leo, likagawanyika. Upande mmoja walitaka warudi haraka bila toba, wakionesha barua za mapendekezo kutoka kwa waungama imani waliokuwa wamefungwa. Upande mwingine, kule Roma, padre Novatianus alishikilia kwamba Kanisa haliwezi kuwarudisha kabisa. Alijitenga na Papa Kornelio.

Mt. Sipriani, askofu wa Karthago, pamoja na maaskofu wa Afrika ya Kaskazini waliokutana mwaka 251, hawakufuata upande wowote kati ya hizo mbili. Walisema kuanguka ni kukubwa, kwa hiyo toba iwe ya kweli, na kila mtu aangaliwe kwa hali yake. Aliyenunua cheti si sawa na aliyetoa sadaka. Lakini mlango hauwezi kufungwa. Baadaye kidogo, dhuluma nyingine ilipokaribia, walilegeza zaidi ili waliokuwa kwenye toba wapate nguvu ya Ekaristi kabla ya kujaribiwa tena. Yaani waliona mdhambi aliyetubu anahitaji Ekaristi ili asianguke tena.

Sipriani mwenyewe alikufa shahidi mwaka 258. Mpaka leo tunamkumbuka pamoja na Kornelio tarehe 16 Septemba, na majina yao yanatajwa katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza.

Ninawaelewa kiasi watu wa Novatianus. Waliogopa Kanisa ligeuke mahali pa mchezo. Hofu hiyo ipo hata leo: "tukimrudisha huyu, wengine watafanya." Lakini jibu la hofu hiyo ni toba ya kweli. Siyo kufuli. Wazee wetu wanasema mtoto akikunyea mkononi, huukati mkono. Unanawa.

7. TUFANYE NINI KWA VITENDO?

- Ukisikia habari ya mtu, usiitume mbele. Muulize aliyekuambia: "Umeshaongea naye?" Swali hilo peke yake linaua umbea mwingi.
- Ukienda kumwonya, nenda kwa roho ya upole, ukijiangalia wewe mwenyewe (Gal 6:1). Chagua muda. Mt. Thoma anasema ukiona wazi kwamba onyo lako sasa litamfanya mtu awe mbaya zaidi, subiri.
- Kuna anayeumia? Usisubiri. Toa taarifa.
- Kikundi kikimsimamisha mtu, barua itaje sababu, muda, na mtu mmoja atakayekuwa anamtembelea.
- Siku ya kurudi ikifika, mpokeeni. Mpeni nafasi yake ya kukaa, siyo benchi la nyuma. Yaliyopita yasitajwe tena, hata kwa utani.
- Alichokuambia mtu kwa siri kitunze. Siri ya kitubio inamfunga padre moja kwa moja (kanoni 983), hata baada ya aliyeungama kufa. Wewe si padre, lakini jifunze hapo.

Na wewe uliyeanguka, unayesoma hii peke yako usiku. Usisubiri watu wakuangalie vizuri ndipo urudi. Nenda kitubio wiki hii. Kama unaona aibu kwa paroko wako, nenda parokia jirani, unaruhusiwa kabisa. Petro alimkana Bwana mara tatu, na kando ya ziwa Yesu hakumuuliza kwa nini. Alimuuliza kama anampenda, kisha akamkabidhi kondoo (Yn 21:15-17).

MASWALI YA KUJADILI KWENYE JUMUIYA

1. Katika kikundi chetu, yupo mtu aliyesimamishwa na hajawahi kuitwa tena? Nani atakwenda kwake, na lini?
2. Tunatenda sawa kwa binti na kwa kijana?
3. Mtoto akiumizwa na mtu wa kwetu, kila mmoja anajua pa kutoa taarifa?

Tuombe: Ee Yesu Mchungaji Mwema, ulitutafuta tulipopotea. Utupe ujasiri wa kumwendea ndugu yetu kabla ya kumsema, hekima ya kumlinda aliyeumizwa, na moyo wa kumpokea anayerudi. Amina.

Nikutakie wiki njema. Kama kuna jina limekujia ukisoma, mpigie leo.